Mwalimu Aliyekuwa Anaenda Rodezia

Sikupata kumwona akikaa kwenye benchi mpaka mwisho wa ibada. Katika kanisa letu la Kamalondo, mtaa wa weusi wa Elisabethville, nafasi yake ilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, na wahubiri walishazoea. Mahubiri yakianza kurefuka, Mwalimu atainuka, atatoka nje, atalizunguka kanisa, na watoto watafuata kichwa chake kikipita dirisha kwa dirisha mpaka kirudi mlangoni. Mchungaji mmoja mgeni alikasirika, akamuuliza baada ya ibada kama Neno la Mungu linamchosha.

"Apana, Baba," Mwalimu akamjibu. "Inaniingia mu miguu."

Tulikuwa walimu watano katika shule ya misioni, lakini sisi wengine tuliitwa monitere tu. Mwalimu alikuwa mmoja. Alifundisha darasa la kwanza, mimi la pili, na kati yetu palikuwa na ukuta wa matofali usiofika kwenye bati, hivyo kwa miaka saba nilifundisha huku nikimsikia yeye. Alipokea watoto sitini kila mwaka, huyu wa Kiluba, huyu wa Kibemba, huyu wa Kisanga, wale wa Kasai waliokuja na gari la moshi juzi, na kufika Pasaka wote walikuwa wanasoma. Mimi niliwapokea mwaka uliofuata, wakanionea huruma kwa jinsi nilivyokwenda polepole.

Njia yake ilikuwa kwenye vinywa. Mtoto wa darasa la kwanza hakuruhusiwa kusoma akiangalia chini. Alisoma neno, akainua uso, akalisema kwa Mwalimu kinywa kikiwa wazi, midomo ikifanya kazi yake yote. "Fungula kinwa!" ndiyo sauti niliyoisikia juu ya ule ukuta kuliko sauti nyingine yoyote maishani mwangu. "Fungula! Neno haiko panya, isijifiche!" Wageni wa misioni waliletwa kutazama. Walisimama nyuma na kofia zao mikononi, wakaandika katika vitabu vyao vidogo, wakasema hawajaona njia kama hiyo hata kwao Ulaya.

Nadhani ni wageni hao waliopeleka habari zake ng'ambo ya mpaka. Kanisa la kule Rodezia ya Kaskazini, katika mji wa shaba kama wetu, liliandika barua kuomba mtu wa kufundisha walimu wao. Watoto wa wachimbaji walikuwa wengi, walimu walikuwa vijana waliookotwa tu, wanajua kuimba alfabeti na kushika fimbo. Barua ilisomwa kanisani na mzungu mkubwa wa misioni, ambaye sisi sote tulimwita Bwana Misioni. Aliposoma jina la Mwalimu, watu waligeuka kumtazama kule nyuma, wakakuta benchi tupu. Alikuwa nje, anazunguka. Mkewe ndiye aliyetoka kumwambia.

Leo vijana wanavuka mpaka pale Kasumbalesa asubuhi na kurudi jioni, hawatanielewa. Wakati ule mtu mweusi wa Elisabethville alivuka mpaka kwa kutafuta kazi au kwa kukimbia kesi. Kuvuka kwa sababu ya kufundisha, kuitwa kwa barua yenye jina lako, hilo lilikuwa halijaonekana kwetu. Wazee wa kanisa waliomba juu yake kwa mikono kichwani. Yeye mwenyewe aliomba akitembea, macho wazi, siku ile na siku zote.

Basi akaanza kujiandaa, na maandalizi yale yalichukua miaka miwili.

Yalichukua muda kwa sababu ya mukanda, ile karatasi ya ruhusa ya safari. Biro ya teritwari, yaani ofisi ya serikali, haikupenda watu wanaovuka na vitabu. Miaka ile walikuwako wahubiri waliotoka kule kule Rodezia na mafundisho yaliyokatazwa, wakafungwa na kupelekwa mbali, na karani yeyote akiona neno "dini" na neno "Rodezia" kwenye karatasi moja aliirudisha chini ya fungu. Mwalimu alikwenda kuuliza kila mwezi. Alivaa koti lake jeusi, akavuka ule uwanja mtupu uliotenga cité, mitaa yetu weusi, na mji wa wazungu, akasimama dirishani, akarudi. Nilimsindikiza mara mbili. Mara ya pili karani, kijana mweusi kama sisi, alimuuliza bila kuinua kichwa: "Uko naenda kule kufundisha bantu nini?"

Mwalimu hakujibu. Mimi nikadhani amekasirika. Karani akainua kichwa, akarudia swali kwa ukali, na hapo Mwalimu akasema kwa upole: "Kusoma, mutoto yangu. Kama wewe. Nani alikufundishaka?"

Karani alitaja shule yetu. Alikuwa amepita kwenye darasa lile lile la kwanza. Aliona haya, akaichukua karatasi na kuiweka juu ya fungu, lakini juu ya fungu hilo palikuwa na mafungu mengine.

Sanduku lake lilikuwa la bati, amelinunua kwa mtu wa reli. Kila uvumi ulipofika kwamba mukanda umetoka, alilipanga. Uvumi ulipokufa, alilipangua, kwa sababu vile vitu alivihitaji darasani. Nyumba za Kamalondo zimebanana, na bati lile lilikuwa na kelele, basi majirani wakisikia kifuniko kikigongwa walisema, "Mwalimu ameenda," na Jumatatu wakisikia tena, "Mwalimu amerudi." Alikwenda Rodezia na kurudi mara nyingi hivyo, bila kutoka uani kwake.

Ndani ya sanduku kulikuwa na vitambaa vyake. Hakuamini mbao za kuandikia za kule, alisema hajui kama ziko. Alikusanya mifuko ya unga, mkewe akaifua mpaka majina ya kiwanda yakatoka, fundi cherehani mmoja wa barabara yetu akaipiga pindo, na Mwalimu akachora juu yake silabi kubwa nyeusi kwa rangi ya viatu. Vitambaa vya Kibemba vilimpa shida. Kibemba chake kilikuwa cha barabarani, cha kununulia nyanya. Akamtafuta mama mmoja wa Kibemba aliyeuza samaki wa kukauka nyuma ya nyumba ya fundi huyo, akasimama mbele yake siku nyingi kama mwanafunzi.

"Amenshi," mama anasema, yaani maji.

"Rudilia. Angalia miye."

"Amenshi! Weye Mwalimu, kama utauza maji, uza. Kama utanunua samaki, nunua. Unaniangalia kinwa sawa vile niko na meno ya zahabu!"

Lakini alimfundisha. Umwana, umulilo, ing'anda, yaani mtoto, moto, nyumba. Kufika mwisho wa mvua, mama huyo alikuwa anamngojea kwa maneno mapya, na siku moja nilimkuta ameshika kitambaa kimoja mikononi, anasoma "umulilo" kwa sauti ndogo, kisha anatazama huku na huku kama mtu aliyeiba.

Kwa kuwa hakuwa na walimu wa kufundisha, alijitafutia. Aliwakusanya wanawake sita wa kanisa Jumamosi mchana, akawaambia wao ni walimu wa Rodezia na yeye amekwisha kufika. Aliwafundisha jinsi ya kuingia darasani, jinsi ya kumwita mtoto, mahali pa kusimama jua likiwa usoni mwao na si usoni mwa watoto. Mimi alinipa kazi ya kuwa mwalimu mbaya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikaifanya kwa furaha. Nilipiga kelele, nikageuzia darasa mgongo, nikamwita mke wa fundi cherehani mbumbumbu, na wale wanawake wakalazimika kuniambia makosa yangu mmoja mmoja. Mke wa mtu wa makaa wa reli, ambaye hata mumewe hajapata kusikia sauti yake, aliniambia mbele ya wote: "Weye, Monitere, batoto banakuogopa, lakini hakuna moja mwenye kukuamini." Mwalimu akapiga makofi. Mimi nikacheka, lakini neno hilo nilienda nalo nyumbani.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alikataza fimbo kabisa. Hakuna mwalimu atakayepiga mtoto karibu naye, wa kwake au wa mwingine. Siku moja nilimpiga mvulana kwa rula juu ya vidole, kwa sababu ambayo siikumbuki. Mwalimu alikuwa anapita nje ya dirisha; mlango ukafunguka, akaingia, akanyoosha mkono nikampa rula, akaniambia nitoe mkono wangu. Nikadhani ananitania. Alinipiga mara moja, kwa nguvu, mbele ya darasa langu zima, akairudisha rula mezani na kutoka. Mchungaji alimwita kumuuliza. Alijibu: "Mutoto hana muntu wa kumulindia. Monitere iko na miguu, akimbie."

Na huyu mvumilivu wa watoto sitini hakuwa na subira hata ya kikombe kimoja nyumbani kwake. Alikula bukari, ugali wetu, amesimama. Alimsemesha mkewe Kibemba ili azoee, na mkewe, mtu wa Kasai, alimjibu kwa Kiswahili, na wakaendelea hivyo mwaka mzima kama watu wawili wanaovutana kamba. Mama Mwalimu hakuitaka safari ile. Nilikuwako jioni moja alipomwambia wazi.

"Ku Rodezia hakuna bantu? Mungu aliumbaka walimu huku tu?"

"Baliandika jina yangu, Mama."

"Jina yako tu. Yangu habakuiandika. Nani atakuwa na weye kule?"

"Mungu."

"Mungu iko muzuri," akasema Mama Mwalimu, "lakini Mungu hatakugusa mukono kama muntu anapiga hodi."

Nililisikia neno hilo, likanipita. Baada ya wiki chache mvua ikanifundisha maana yake.

Mvua ya Katanga ikishuka juu ya bati, shule inakufa. Hakuna sauti inayopita. Sisi wote tuliweka chaki chini, tukawaacha watoto waweke vichwa juu ya meza mpaka ipungue. Siku ile ilishuka kwa ghafula, na mawe madogo ya barafu, na mimi nikatoka kwenye baraza kuangalia kama maji yataingia. Nikapita mlango wa darasa la kwanza. Mwalimu alikuwa anafundisha.

Hakuwa amepaza sauti. Alikuwa anatembea kati ya meza kama kawaida yake, anaonyesha kitambaa, na watoto wanainua nyuso na kusema. Vinywa sitini vinafunguka na kujifunga, na sikusikia kitu ila bati. Mtoto wa mstari wa tatu alikosea, Mwalimu akamwendea, akatikisa kichwa, akamwonyesha midomo yake, mtoto akarudia, Mwalimu akatabasamu. Nilisimama pale nikilowa mgongo. Mwalimu hakujua kwamba mvua inanyesha. Madirisha yalikuwa nyuma yake, na hakujua.

Nilirudi darasani mwangu na kuanza kuyapanga mambo niliyoyaona miaka mingi. Kule kutoka kanisani mhubiri akiwa mbali asione midomo. Karani aliyeinamisha kichwa. "Angalia miye." Kesho yake nilifanya jambo ambalo bado linanichoma. Nilisimama nyuma yake uani nikamwita kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti kubwa, kisha nikamtukana. Aliendelea kufuta kitambaa. Watoto wawili waliokuwa kisimani walinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwa mtoto. Wao walijua. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakijua siku zote, na hakuna hata mmoja aliyesema nyumbani.

Njia ile ambayo wageni waliiandika katika vitabu vyao ilizaliwa na kuficha. Lakini watoto walisoma kweli. Sikujua nifanye nini na mambo hayo mawili, basi nikanyamaza, zaidi ya mwaka.

Kisha mukanda ukatoka. Ulibaki cheti cha daktari tu. Mwalimu alikwenda hospitali na mkewe, wakarudi, na asubuhi moja Bwana Misioni akaniita barazani kwake. Alikuwa na karatasi mkononi. Alikuwa mtu mwema na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu.

"Monitere, mimi nauliza wewe neno moja, na wewe unajibu mbele ya Mungu. Daktari anaandika kwamba hana hakika. Mke alisimama karibu siku zote, alimshika mkono. Wewe unafundisha karibu naye miaka saba. Je, yeye anasikia?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema, Bwana, muulize yeye mwenyewe. Nimeyapanga majibu hayo tangu siku ile, ninayo mengi, mazuri. Niliwaza walimu wa kule, watu wazima wanaouliza swali kutoka nyuma ya chumba, na mtu hageuki. Hilo niliwaza kweli. Lakini niliwaza pia gari la moshi. Niliona koti jipya. Niliona jina langu kwenye barua. Hayo yote yalipita kwa pamoja, na mpaka leo siwezi kukuambia lipi lilikuwa mbele.

"Hasikii, Bwana," nikasema. "Ni siku nyingi."

Bwana Misioni aliikunja karatasi polepole. Aliniambia nisimwambie Mwalimu mazungumzo haya, yeye atamwambia kwamba daktari amekataa, ndivyo haitamuumiza sana. Akatazama nje, kisha akasema: "Walimu wanangoja, na mukanda uko, biro itabadilisha jina tu. Basi utaenda wewe."

Sikukataa.

Mwalimu alipoambiwa alikuja darasani kwangu moja kwa moja. Alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza nilimwona ametulia kabisa, kama mti. Kisha akasema, "Munganga amekataa. Anasema miye muzee." Akalitukana jina la daktari yule. Kwa miaka iliyofuata, nilivyosikia baadaye, gari la daktari likipita barabarani Mwalimu aligeuka na kulipa mgongo, na watu wote wa Kamalondo walijua sababu, na mimi nilijua kwamba daktari hakufanya neno.

"Ni weye utaenda," akaniambia. "Iko muzuri. Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Tutaanza sasa."

Tulikuwa na majuma matatu. Alinifundisha kama mtu anayepakia gari lililokwisha kupiga honi. Asubuhi kabla ya shule, mchana badala ya kula, njiani kwenda sokoni. Aliniamuru niseme kila kitu usoni kwake, midomo wazi, na sasa nilijua kwa nini, na nilishindwa kumtazama. "Uso!" alipiga kelele. "Uko naficha nini? Uso!" Alinipa vitambaa vyote, alinipa sanduku, alinipa maneno ya mama wa samaki. Alinionyesha jinsi ya kumrudisha mwalimu aliyekata tamaa, jinsi ya kumkata maneno mwalimu anayejipenda. Wale wanawake sita wakaja kuniambia makosa yangu, na safari hii sikuwa naigiza.

Alinisindikiza stesheni na watu wa kanisa. Wengine waliimba. Yeye alitembea kando ya behewa tangu lilipoanza kusogea, akiongea dirishani kwangu: usiwaweke wazee nyuma, usianze na alfabeti, anza na jina la mtu, kila muntu anapenda jina yake. Gari likaenda mbio kuliko miguu yake. Nilimwona bado anaongea.

Ya kule nitayasema kwa ufupi. Walikuwa walimu ishirini na wawili. Siku ya kwanza niliona aibu ya kupanua midomo mbele ya watu wazima, nikafundisha kwa njia yangu, nikashindwa. Siku ya pili nilitundika kitambaa cha kwanza. Walicheka, wakajaribu, na baada ya mwezi mmoja nikasikia kutoka madarasani mwao watoto wakifungua vinywa. Walipotengeneza karamu ya kuniaga, mmoja aliuliza ni nani aliyenifundisha njia hiyo. Nikasema, "Mwalimu mmoja wa kwetu." Sikusema zaidi. Nilikula kuku wao.

Niliporudi nilimletea salamu na barua ya shukrani, nikakaa kwake kwa dakika ngapi sijui, chache, nikasema nimechoka na safari. Alitaka kujua yote. Nikasema nitakuja kesho. Mwezi huohuo niliomba kuhamishwa, wakanipeleka shule ya Jadotville, nikaoa huko, nikapata watoto huko. Nilipokuja Elisabethville kwa mikutano ya misioni nilipita barabara nyingine. Mtu aliye na neno kama langu hawezi kukaa mahali. Nilibadilisha nyumba mara nne katika mji mdogo ule, na mke wangu akaniuliza ninakimbia nini.

Nilimwambia yeye kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ile maneno haiko ya miye. Peleka kwa mwenyewe."

Ilikuwa kiangazi, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilifika kwao asubuhi. Mama Mwalimu alifungua mlango, mnene zaidi, nywele nyeupe, akanishika mikono miwili na kunipeleka uani. Mwalimu alikuwa anajenga kibanda cha kuku, anakwenda kwenye mbao, anarudi, ameshika misumari mdomoni. Mkewe akamgusa mkono. Akageuka, akaniona, akaitema misumari.

"Monitere wa Rodezia!" Sauti ilikuwa kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia tena hata yeye mwenyewe. "Ulisema kesho. Hii kesho ilikuwa murefu!"

Tulikula. Nilingoja Mama Mwalimu aondoke, hakuondoka, na nikaona ni haki. Nikasogeza kiti mbele ya Mwalimu. Nilikuwa nimeliandaa neno langu katika gari la moshi, kwa upole, kwa kuzunguka, kama watu wazima wanavyosema. Nilipoanza, akakunja uso. "Sione," akasema. "Uko nakula maneno."

Neno la namna ile huwezi kulizunguka mbele ya mtu anayesoma midomo. Ilibidi nilitamke zima.

"Munganga hakukataa. Ni miye. Bwana Misioni aliniuliza kama unasikia. Nikamwambia apana."

Mama Mwalimu aliweka sahani chini. Mwalimu alinitazama kinywa muda mrefu baada ya kukifunga, kama anayengoja herufi za mwisho. Kisha akasimama, akaenda kwenye kibanda cha kuku, akapiga msumari mmoja, wa pili, wa tatu. Akarudi.

"Ulisema kweli," akasema. "Masikio ilikuwa imekufa. Walimu bale bangeuliza, na miye ningekuwa sawa mujinga."

"Nilitaka kwenda, Mwalimu. Hiyo nayo ni kweli."

"Najua. Nani hangetaka?" Alitembea mpaka ukutani na kurudi. "Kile kinaniuma haiko kile. Miaka saba tulikuwa na ukuta moja tu katikati. Ulijua, na haukuniambia. Muntu wa kwanza wa kusikia ni muzungu. Kama ungekuja ku mulango yangu, useme, Mwalimu, hausikie, tutafanya namna gani? Tungeenda bawili. Weye masikio, miye kichwa. Haukuwaza ile?"

Sikuwaza ile. Katika majibu yangu yote mazuri ya miaka yote, hilo halikuwamo. Nililia, na hakunizuia.

Kisha akasema: "Bale walimu. Beko ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Majina."

Nikadhani sikuelewa. Akakaa. Akakaa kabisa, kwenye kigoda, magoti pamoja, uso mbele ya uso wangu. "Ulikula fasi yangu. Majina yabo utanipa. Moja moja."

Nikaanza. Mulenga, aliyekuwa na sauti nzuri. "Mulenga," akarudia. Chanda, aliyekuja na mtoto mgongoni. "Chanda." Mwansa wawili, mrefu na mfupi. Musonda. Bwalya, aliyekuwa ananipinga. "Bwalya," akasema, akacheka kidogo, "yeye ningemupenda." Kila jina alilitia mdomoni, akaligeuza, akalitoa, na Mama Mwalimu naye akalirudia nyuma yake kwa sauti ndogo. Tulikwenda hivyo mpaka ishirini na moja, na hapo nikakwama. Nilimwona mtu huyo wazi. Mwembamba, mwenye kovu mkononi, aliyetembea siku mbili kwa miguu kufika na kuuliza maswali kuliko wote. Jina halikuja.

Mwalimu alingoja. Kisha akainuka, akaokota nyundo.

"Enda ukamukumbuke," akasema. "Utarudi."

Hakunipa mkono. Mama Mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani. Nilishuka kuelekea stesheni nikiyapitia majina tangu mwanzo, nikiwaona kwenye mabenchi yao mmoja baada ya mwingine, watu wakinipita na baiskeli na vikapu, nikawagonga wawili. Nilikuwa nimekwisha kukanyaga reli.

Katongo.

Gari langu lilikuwa limesimama stesheni, linapiga honi. Nikageuka kurudi kwa Mwalimu.